Mtani wa Fundi Bomba

Fundi bomba aliyajua maji kwa miaka ishirini na miwili kabla hajakutana nayo yakiwa jiwe. Aliyajua yakivuja, yakinguruma, yakigoma kupanda ghorofani, yakirudi chooni na siri za jirani. Alikuwa na sikio la kuyasikia chini ya sakafu na vidole vya kukaza nati gizani. Kwa hiyo ilipokuja barua kwamba kiwanda cha mablanketi katika mji mmoja wa theluji kinatafuta mtu wa mabomba, na kwamba kitampa nyumba yenye joto na nafasi ya shule kwa mtoto wake, hakuuliza mengi. Aliuliza moja tu: anaweza kuja na bibi yake?

Wakamjibu kwamba Nyumba haitenganishi watu wa nyumba moja. Ile Nyumba ya kwanza ilikuwa imeandikwa kwa herufi kubwa, na Fundi akadhani karani ameteleza.

Huyo bibi, mama wa baba yake, ndiye aliyemlea tangu akiwa na miaka minne. Umri wake ulikuwa sabini na kitu, na hicho kitu alikipandisha au kukishusha kulingana na mzigo uliokuwa mbele yake. Alikuwa mrefu, mwembamba, amebakiwa na meno sita ya mbele ambayo aliyaonyesha kwa makusudi. Yeye na mjukuu wake walikuwa watani, na utani wenyewe waliufanya kama wengine wanavyofanya sala, kila siku na kwa wakati wake.

"Mume wangu, umeamka au umefufuka?" Bibi angeuliza asubuhi.

"Nimeamka, mchawi wangu. Wewe ulitua salama?"

"Nimetua, ila ungo umepasuka. Ulikuwa umekaa nyuma na hayo makalio."

Mke wa Fundi alipoletwa nyumbani mara ya kwanza, Bibi alimpokea mlangoni kwa mikono miwili. "Karibu, mke mwenza. Huyu bwana anakoroma na miguu yake inanuka. Mimi nimemvumilia miaka ishirini, sasa ni zamu yako." Mkewe, mtu wa maneno machache, alicheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo alijifunza kupima hali ya nyumba kwa matusi. Asubuhi isiyo na tusi ilimaanisha kuna mgonjwa.

Waliuza kitanda, cherehani, kabati na kila kisichoingia kwenye mabegi manne. Walikuwa wanne: Fundi, mkewe, binti yao wa miaka kumi na mmoja, na Bibi. Basi la mwisho lilikata weupe kwa saa tisa. Bibi alibandika uso kwenye kioo.

"Nani kamwaga unga wote huu," akasema, "na sisi kule tunagombania kilo mbili?"

"Ni theluji, Bibi," binti akasema.

"Najua ni theluji. Nauliza nani kaimwaga."

Nyumba waliyopewa ilikuwa na vyumba viwili na jiko la chuma lililokula kuni kutwa. Kila dirisha lilikuwa na vioo viwili, na katikati yake, huku chini, zimeshindiliwa tabaka za sufi ili baridi isipenye. Mlangoni palikuwa na ubao wa kupanga buti. Dirisha la jikoni lilitazama uwanja, na ng'ambo ya uwanja palikuwa na kijumba cha chumba kimoja chenye dohani nyembamba. Hakuna aliyeishi humo. Fundi aliambiwa tu kwamba ni nyumba ya kando, na kwamba bomba lake nalo ni kazi yake.

Wiki ya kwanza alipasua bomba la banda la nje. Kwa mazoea yake alikuwa amefunga bomba vizuri, hata tone lisitoke, na asubuhi akalikuta chuma kimechanika kama ganda la njugu. Mnyapara wa chumba cha boila, mtu mpana mwenye masharubu yaliyoning'iniza vipande vya barafu kila alipoingia ndani, hakumgombeza.

"Hapa hatufungi mpaka mwisho," alimwambia. "Unaacha yachirizike, uzi mwembamba tu. Yakisimama yanaganda, yakiganda yanavimba."

Fundi alimwelewa vizuri. Alikuwa amefanya kazi miaka minane na mainjinia wa lugha ya mji huu huko alikotoka, akaijua kwanza kwa nati na presha, kisha kwa matusi, mwisho kwa hadithi za watoto wao. Kwa hiyo yeye ndiye aliyekuwa ulimi wa watu wanne. Mkewe na Bibi walisema kupitia kwake hata kuomba chumvi.

Ni huyo mnyapara aliyemweleza habari ya Nyumba. Kiwanda, shule, duka, na nyumba zote za mji vilikuwa mali yake, na kila siku ya ibada watu wote walikwenda kukaa humo.

"Hatuimbi," alisema, akifuta masharubu. "Hatusomi, hatupigi magoti. Tunaambiana. Kila mtu mzima anayekuja kuishi hapa anakaa kwenye kigoda mara moja, kabla theluji haijayeyuka. Aliyemjua kwa miaka mingi zaidi anasimama na kusema kosa lake. Yeye anajibu 'nimesikia'. Basi, amepokelewa."

"Na kama hana kosa?"

"Basi amefunikwa. Hatuwezi kuishi na mtu aliyefunikwa. Anakaa nyumba ya kando mpaka lipatikane la kusema."

"Na kosa likiwa kubwa?"

"Kando vilevile, mpaka akiri na ajute. Analishwa, anawashiwa moto. Ila hakuna wa kumsemesha."

"Na asiyetaka kigoda?"

"Hatumlazimishi mtu. Barabara iko wazi."

Fundi alitazama nje. Barabara haikuwa imeonekana tangu wiki iliyopita.

Siku ya ibada familia nzima ilikaa benchi la nyuma. Nyumba ilikuwa ukumbi wa mbao zisizopakwa rangi, bila picha, bila taa ya urembo. Katikati palikuwa na kigoda cha miguu mitatu, na pembeni yake alisimama mzee mmoja mkavu waliyemwita Mwenye Kigoda. Siku hiyo alikaa mwanamume mnene wa dukani, kwa kuwa hata wenyeji walirudia kigoda kwa zamu. Mkewe akasimama, akasema kwa sauti isiyopanda wala kushuka kwamba mume wake ni mchoyo, kwamba hupima unga kwa kidole gumba ndani ya kopo, na kwamba amekuwa mvivu kitandani na shambani. Mwanamume akasema, "Nimesikia." Baada ya ibada wakaondoka wameshikana mikono.

Fundi alirudi nyumbani karibu apae.

"Kikongwe, tumefika!" akapiga kelele akivua buti. "Hawa ni watani! Mji mzima watani! Mke anamwambia mumewe mvivu mbele za watu, halafu hao, mkono kwa mkono!"

"Mbona hawacheki?" Bibi akauliza.

"Wanacheka kwa ndani. Baridi imewakaza mashavu."

Mkewe alikuwa akichochea moto. "Mimi sikumwona anayetania pale," alisema bila kugeuka. "Nilimwona yule baba akimeza mate."

Bibi alikuwa tayari anamuuliza mjukuu wake atamsema nini zamu yake ikifika, naye anamwambia asiwe na haraka, atamwaga yote, watu wavunjike mbavu.

Zamu yake ilifika baada ya wiki mbili, kwa kuwa walianza na mkubwa. Bibi alijifunga kitambaa kipya kichwani, akatembea hadi kigodani kama bibi harusi, akakaa. Mwenye Kigoda akauliza nani amemjua kwa miaka mingi zaidi. Fundi akasimama, mkono kiunoni, kidevu juu. Bibi hakuelewa lugha, lakini mkao huo aliuelewa, na utani unaoendana nao aliujua kwa moyo. Macho yakamng'aa.

"Msidanganywe na huo uzee," Fundi akaanza. "Huyu ni mwizi. Akiingia jikoni sukari inajihesabu yenyewe. Ni mchawi, kulala hajui. Babu yangu alikuwa na nguvu zake, mtu wa kubeba gunia mabegani, lakini huyu alimmaliza kwa mkono wake mwenyewe, kwa chakula chake mwenyewe, kijiko kwa kijiko. Na sasa amebaki na mimi."

Akanyamaza ili wacheke. Aliyecheka ni Bibi peke yake, kicheko cha meno yote sita, akapiga paja. Akarudisha kwa Kiswahili, kama ilivyo haki ya anayetaniwa:

"Kweli tupu! Na wewe ndiye unayefuata, mume wangu, uji wako uko jikoni!"

"Amesema nini?" Mwenye Kigoda akauliza.

Fundi bado alikuwa na tabasamu. Bado alikuwa akiwangoja. Akatafsiri neno kwa neno, kwa uaminifu wa fundi anayesoma kipimo: "Anasema ni kweli tupu. Anasema mimi ndiye nitakayefuata, na uji wangu uko jikoni."

Kilichosikika baada ya hapo ni theluji ikiporomoka kutoka paani. Mama mmoja wa benchi la mbele alimvuta mtoto wake karibu. Mwenye Kigoda alisema kwamba mkono wa sheria haufiki huko alikofia yule mtu, lakini mkono wa Nyumba unafika popote. Wanawake wawili wakainuka, wakamshika Bibi kila mmoja kwapa lake, bila ukatili wowote.

"Ona, mume wangu," Bibi alisema akipitishwa kati ya mabenchi, "nimepata wapambe!"

Fundi alimkamata mnyapara nje, akimshika koti. "Nilikuwa natania. Kwetu bibi na mjukuu hutukanana. Ndiyo mapenzi yenyewe."

Mnyapara alifikiri kwa muda. Hakuwa mtu mbaya. "Mnasemana mambo mabaya yasiyo ya kweli," alisema polepole, "halafu mnacheka."

"Ndiyo! Hivyo hivyo!"

"Usimwambie mtu mwingine." Akatoa ile mikono kwenye koti lake, mmoja mmoja. "Ukisema hayakuwa kweli, basi ulidanganya mbele ya kigoda. Aliyedanganya mbele ya kigoda anaondoka siku hiyohiyo, yeye na wote aliokuja nao. Kwa miguu, kama basi halipo. Niliwahi kuona familia moja ikiondoka hivyo."

"Walifika?"

"Tuliwaona tena theluji ilipoyeyuka."

Jikoni kwa Fundi, mkewe alisikiliza habari hiyo akiwa amesimama dirishani. Ng'ambo ya uwanja dohani nyembamba ilikuwa imeanza kutoa moshi.

"Sema ulikuwa unatania," alisema.

"Umesikia nilivyokueleza?"

"Nimesikia. Sema."

"Na mtoto? Tumtembeze kwenye theluji ya kumfika kifuani, saa tisa za basi kwa miguu? Ngoja kidogo. Bibi ni mgumu yule, baridi haimwezi. Wanamlisha, wana kuni. Tutafute njia."

"Njia gani?"

Hakuwa na njia. Alisema tena, "Ngoja kidogo." Na siku zikawa zinapita hivyo, kidogo kidogo. Kila asubuhi mkewe aliosha vikombe akitazama ile dohani, na kila asubuhi aliosha kikombe cha Bibi pia, ingawa kilikuwa safi.

Siku ya kumi na moja mnyapara alimwita: bomba la nyumba ya kando limeganda. Wakaenda wote wawili na taa ya gesi, matambara na ndoo. Bibi alikuwa amekaa kitandani, amejifunika blanketi la kiwanda. Alipomwona Fundi aliruka kama msichana.

"Mume wangu! Umekuja kuniiba! Nilijua tu, mtu aliyezoea mapishi yangu hawezi kukaa mbali."

Fundi alipiga goti chini ya sinki. Alijua kilichotokea kabla hata hajagusa chuma. Bibi alikuwa amechota maji kwa kichwa maisha yake yote. Bomba linalomwaga bure lilikuwa dhambi kwake, na alikuwa amelikaza mpaka tone la mwisho. Akawasha taa, akaanza kupitisha moto juu ya bomba, kutoka mdomoni kuelekea ukutani, taratibu, ili maji yanayoyeyuka yapate pa kutokea.

"Mbona kimya? Wamekukata ulimi?" Bibi aliuliza. "Au umeoa mwingine? Nionyeshe, nimsute."

Mnyapara alisimama mlangoni, akiwa amewapa mgongo. Alikuwa amegeuka kwa makusudi, na mtu mwingine angeliona hilo. Fundi hakuliona, au aliliona akaogopa kuliamini. Alipitisha moto. Chuma kilitoa sauti ya kukohoa.

"Hata 'mchawi' moja?" Bibi akasema. Sauti ilikuwa imeshuka. "Moja tu. Nimekaa siku kumi na moja sijasikia mtu. Wale wanawake wanaweka sahani na kuondoka kama wameweka mbele ya mbwa mkali."

Maji yakatoka kwa mkoromo, kisha yakatulia. Fundi akalirekebisha bomba libaki uzi mwembamba, akamwonyesha Bibi kwa kidole: liache hivyo. Akakusanya matambara yake. Alipopita karibu na kitanda, Bibi alinyoosha mkono akagusa mkono wa koti lake. Yeye akaendelea kutembea.

Nje mnyapara alisema, "Kazi nzuri." Fundi hakujua alimaanisha ipi.

Siku ya thelathini na moja Mwenye Kigoda alimruhusu kwenda kumuuliza mzee wake kama yuko tayari. Fundi aliingia na kufunga mlango nyuma yake. Kitanda kilikuwa kimetandikwa kwa mkazo, kama cha hospitali. Bibi alikuwa amekaa kwenye kiti, mikono mapajani.

"Bibi."

"Ala. Bubu kapona."

Alimweleza yote, wima, haraka haraka: kigoda, kukiri, kufukuzwa, ile familia iliyoonekana theluji ilipoyeyuka. Alimwambia kuna maneno manne tu ya kusema kwa lugha yao, bila kucheka, yanayomaanisha kwamba ni kweli na anajuta. Akishayasema atarudi nyumbani siku hiyohiyo.

"Kwamba nilimuua babu yako," Bibi alisema.

"Ni maneno tu. Sisi tunajua si kweli."

"Sisi tuko wangapi?"

Fundi alitazama kitanda kilichotandikwa.

"Nilikaa naye miaka thelathini na minane," Bibi akasema. "Miezi yake ya mwisho nilimlisha kwa kijiko, kweli. Hilo ulilikumbuka vizuri."

"Bibi, nilikuwa natania! Ulicheka mwenyewe!"

"Nilicheka. Siku ile ulinitania, nikacheka. Hizi siku thelathini ulizoyaacha maneno yamesimama, hukuwa unatania."

Akaomba afundishwe hayo maneno manne. Aliyarudia mara tatu tu. Matamshi yake yalikuwa mazuri kuliko ya Fundi mwenyewe, ambaye bado alivuta irabu kama watu wa kwao.

"Nimetamka sawasawa, baba?" akauliza.

Fundi alisema sawasawa. Lile neno "baba" alidhani limemponyoka tu, kwa uchovu.

Siku ya ibada Bibi alikaa kigodani na kusema maneno manne bila kutikisa hata jicho. Ukumbi ukashusha pumzi. Wale wanawake wawili walimkumbatia. Mwenye Kigoda alimshika kichwa kwa mikono yote miwili, na watu wengi walilia, kwa kuwa hakuna kitu walichokipenda katika Nyumba ile kama mtenda mabaya makubwa aliyejuta.

Fundi alimrudisha nyumbani akimshika mkono kwenye utelezi. Jikoni mkewe alimkumbatia Bibi kwa muda mrefu, na Bibi akamwita mke mwenza, akamwambia amenenepa kwa kula sehemu yake. Binti akacheka kwa mara ya kwanza tangu mwezi uliopita. Fundi akaona mambo yamekwisha. Asubuhi akaingia jikoni akiwa amejiandaa usiku kucha.

"Mchawi wangu! Ungo uliuegesha wapi, mbona uwanja mzima hauna alama?"

Bibi aliweka kikombe chini. "Hujambo, baba," akasema. "Umelalaje?"

"Nimelala... Kikongwe, mimi ndimi mumeo."

"Nashukuru kama umelala vizuri. Chai yako hii hapa. Angalia, ni ya moto."

Ikawa hivyo kila siku. Hakununa, hakumkatalia kitu. Alimsalimu, alimwachia kiti kilicho karibu na moto, alimuuliza habari za kazi, alimshukuru kwa kuni. Alimtendea kwa heshima kamili, ile ambayo mtu humpa mgeni wa mbali ambaye hajui atakaa siku ngapi. Na wengine aliendelea kuwataniatania kama zamani. Fundi akiingia, kicheko kilikatika, na Bibi akasogea kumpisha.

"Mwambie anitukane," alimwambia mkewe.

"Nimwambieje? Hilo mtu haombewi."

Mkewe alikaa kigodani baada ya hapo. Fundi alikuwa ameshajifunza. Alisema, kwa sauti isiyopanda wala kushuka, kwamba mkewe huacha taa ikiwaka mchana. Mkewe akasema, "Nimesikia," kwa matamshi mabaya, akapokelewa. Sasa alibaki yeye peke yake, na theluji ya paani ilikuwa imeanza kulegea.

Siku yake ilipofika aliketi kwenye kile kigoda na kugundua kwamba kimetengenezwa chini sana, magoti yanakaribia kidevu. Mwenye Kigoda akauliza nani amemjua kwa miaka mingi zaidi. Bibi akainuka. Kwa kuwa Fundi hawezi kujitafsiria mwenyewe, waliita binti yake, ambaye shule ilikuwa imemlegeza ulimi kwa miezi minne tu. Akasimama kando ya Bibi, mikono nyuma.

"Sema kosa lake," Mwenye Kigoda alisema.

Binti akatafsiri. Bibi alimtazama mjukuu wake, mtoto aliyemchukua na miaka minne akiwa na upele kichwani.

"Ni mtu mwema," alisema. "Sina la kusema."

Binti akarudia kwa lugha yao. Mabenchi yakalia kidogo, watu wakijiweka sawa.

"Mwambie afikiri tena," Mwenye Kigoda alisema. "Huwa tunauliza mara tatu."

"Ni mchapakazi," Bibi akasema mara ya pili. "Analeta kuni. Ananiheshimu, nami namheshimu."

Fundi alimtafuta mkewe kwa macho, akamkuta ameinamisha uso. Mwenye Kigoda alifungua mdomo kuuliza mara ya tatu, na Fundi akamwahi.

"Bibi," akasema kwa Kiswahili, "nitukane."

Ukumbi wote ulimgeukia.

"Kidogo tu. Sema nakoroma. Sema miguu inanuka. Sema nimekaa na makalio yangu kwenye ungo wako. Nitukane, mke wangu, nakuomba."

Bibi hakuonyesha hata jino moja. "Mtu hutukana mtani wake, baba," alisema. "Wewe nakustahi."

"Wanasemaje?" Mwenye Kigoda akamuuliza binti.

Binti alimtazama baba yake, kisha Bibi, kisha buti zake mwenyewe. "Baba anaomba atukanwe," alisema. "Bibi anasema hawezi."

"Amefunikwa," Mwenye Kigoda akasema.

Hakuna aliyemshika kwapa. Alikwenda mwenyewe, akivuka uwanja kwa njia aliyoijua, akiwa na blanketi la kiwanda begani. Kila siku ya ibada aliwaona kupitia dirishani wakitoka Nyumba, na akajua kwamba Bibi ameulizwa tena. Kama angepata la kusema, wangekuja moja kwa moja kumfungulia. Walipita na kwenda zao. Chakula kilikuja kwa wakati, na mara nyingine alitambua kwamba kimepikwa na mkewe, kwa namna vitunguu vilivyokatwa. Sahani iliwekwa, mlango ukafungwa.

Baridi ilirudi mara moja ya mwisho, kali kuliko zote, siku ambazo kila mtu alikuwa ameshaanza kuvua mitandio. Asubuhi hiyo mnyapara alikuwa uwanjani na koleo, akifukua njia. Bibi akapita na kikapu, binti akiwa amemshika mkono. Vioo vilikuwa viwili na sufi katikati, lakini Fundi alikuwa na sikio la kusikia maji chini ya sakafu.

"Mume wangu," Bibi alimwambia mnyapara, "hayo masharubu umeyafuga au yamekuvamia?"

Binti akatafsiri. Mnyapara alisimamisha koleo. Katika Nyumba hakuna anayecheka, lakini uwanja haukuwa Nyumba. Akatafakari kwa muda, kama alivyofanya siku ile alipoelezwa maana ya utani. Kisha masharubu yakatikisika, na vipande vya barafu vikadondoka kifuani kwake.

"Mwambie," alisema, "kwamba yeye ni mzee sana na ana meno machache."

"Ahaa!" Bibi akapiga makofi, meno yote sita nje. "Huyu anafundishika!"

Fundi aliwasikiliza mpaka walipopotea nyuma ya ghala. Kisha akaenda kwenye sinki. Bomba lilikuwa likichirizika uzi mwembamba, kama alivyoliacha kwa mkono wake mwenyewe. Akanyoosha vidole, akalikaza mpaka tone la mwisho, kama Bibi alivyofanya akaletewa fundi. Mji mzima haukuwa na fundi mwingine.